Tanga la Ujiji, Mizani ya Lusu

Lusu ni mahali ambapo kila mtu anajua bei. Kata hii iko karibu na mji wa Nzega, mkoani Tabora, na tangu mwisho wa 1998 hadi 2014 mgodi wa Golden Pride ulichimba dhahabu hapa kwa mitambo, mgodi mkubwa wa kwanza katika Tanzania ya zama hizi. Mgodi umefungwa, mazoea yake yamebaki. Mtu akileta chembe ya dhahabu, mizani midogo hutolewa mfukoni, gramu husomwa, bei ya siku inajulikana, hesabu imekwisha. Ugomvi ukizuka ni juu ya mizani, hauwi juu ya bei.

Mjomba wangu aliyefanya kazi Kigoma miaka mingi, kisha akarudi Lusu kulima mpunga, amezoea ulimwengu huo wa mizani. Ana mashua ya tanga imelala Ujiji. Aliinunua ikiwa kuukuu, maji yakiingia kwa kila mshono, akaitengeneza kwa miaka mitatu kwa fedha za kiinua mgongo. Sasa magoti hayamruhusu tena kupanda na kushuka chomboni, anataka kuiuza. Ana daftari la shule ambalo amelipiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto ameandika kazi iliyofanyika, kulia fedha iliyotoka. Mwishoni kabisa kuna jumla, na chini ya jumla mistari miwili.

“Mpwa wangu, bei ndiyo hiyo,” aliniambia akigonga ile mistari miwili kwa kidole. “Faida sitaki. Nirudishiwe changu tu.”

Ni ombi la kiungwana, na sidhani kama kuna njia fupi zaidi ya kukosa mnunuzi. Nimelitafakari kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Kila anayefufua chombo cha mbao, awe tajiri wa Ulaya mwenye mashua ya starehe ya karne iliyopita au mzee wa Unyamwezi mwenye mashua ya ziwani, hufika siku moja mbele ya swali lilelile: katika yote niliyoyaweka humu, ni yapi mtu mwingine atayalipia?

Na kwa nini suala la matanga lizungumzwe katika nchi kavu ya miombo? Kwa sababu njia ya misafara iliishia majini. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, mfanyabiashara alitembea miezi kwa miguu, na alipofika mwisho wa njia alikuta ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670. Pembe za ndovu zilikuwa ng'ambo. Hapo tajiri wa Tabora mwenye wapagazi mia mbili aligeuka maskini mpaka apate chombo.

Mfano wa kwanza wa mazungumzo ya bei ya jahazi kwenye Ziwa Tanganyika ambao umeandikwa vizuri ni wa mwaka 1858. Wapelelezi Burton na Speke walikuwa wamefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, wakaingia Ujiji Februari iliyofuata. Walitaka kulizunguka ziwa, na mitumbwi ya miti iliyochongwa haikuwatosha. Wakasikia kwamba upande wa magharibi, kisiwani Kasenge, kuna mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi la tanga. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuliomba. Alipokewa kwa ukarimu, akalishwa, akaburudishwa kwa maneno mazuri, na kila siku jahazi likawa halijawa tayari. Mwisho wa yote Sheikh alitaja masharti: lingepatikana baada ya miezi mitatu, na kukodi tu, achilia mbali kununua, kungekuwa reale 500.

Wasomaji wa vitabu vya wapelelezi wamezoea kumwona Sheikh Hamed kama mjanja aliyewachezea wageni. Mimi namwona kama mtu pekee katika kisa hicho aliyejua kufanya hesabu. Hakuuliza mbao zilimgharimu kiasi gani, wala fundi alilipwa nini. Aliuliza: jahazi hili likienda na Mzungu kuangalia maji, mimi nitakosa nini? Alikuwa na safari ya pembe za ndovu mbele yake. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya kazi ambayo jahazi lingeiacha. Burton na Speke hawakuweza kuilipa, wakapanda mitumbwi kuelekea Uvira, na Sheikh hakupoteza kitu.

Kipimo hicho bado ndicho cha pwani na cha ziwani. Katika vyombo vingi vya matanga mapato hugawanywa kwa mafungu baada ya kutoa gharama za safari: mabaharia wana lao, nahodha ana lake, na chombo chenyewe hupewa fungu kama kwamba ni mtu. Fungu la chombo ndilo linalomlipa mwenye mali, na ndilo linalonunua kamba, tanga na deheni. Mnunuzi mwenye akili huuliza habari za fungu hilo kabla ya kuuliza habari za mbao. Tuchukue hesabu ya kubuni. Mashua ikibakiza safi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na mnunuzi akataka fedha zake zirudi ndani ya miaka mitano, basi kikomo chake ni milioni 20. Ukimwambia ukarabati ulikula milioni 35, atakupa pole ya dhati. Zile 15 hazimhusu.

Kutoka mjini Tabora hadi Kwihara ni mwendo mfupi wa gari. Hapo lipo tembe alimoishi Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji, akisubiri wapagazi hadi alipoondoka tarehe 25 Agosti kwa safari yake ya mwisho. Wageni huonyeshwa vyumba na kuelezwa habari za biashara ya watumwa na za uchunguzi wa mito. Sijawahi kusikia mwongozaji akieleza kwamba mtu aliyeketi katika baraza hiyo alikuwa amewahi kuuza meli, na kwamba mauzo hayo yalikuwa msiba.

Meli iliitwa Lady Nyassa. Livingstone aliiagiza Uingereza ije kwa vipande ili ibebwe kupita maporomoko ya mto Shire na kuundwa upya Ziwa Nyasa. Iligharimu zaidi ya pauni 6,000, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Ilifika mwaka 1862, ikaundwa kwenye mto Zambezi, lakini ziwa haikuliona kamwe. Safari nzima ilivunjwa kwa amri ya serikali yake, na Livingstone akabaki na chombo kisicho na kazi katika bahari isiyo na mnunuzi anayemtaka. Nasema anayemtaka, kwa maana wanunuzi wangepatikana: Wareno wa Msumbiji wangeichukua. Alikataa, akihofia kwamba ingeishia kubeba watumwa. Wauzaji wengi husema hawamuuzii mtu yeyote tu. Huyu alilipia maneno yake.

Akaipeleka Zanzibar, akakosa bei. Tarehe 30 Aprili 1864 akang'oa nanga kuelekea Bombay, maili 2,500 za bahari wazi, akiwa nahodha yeye mwenyewe katika chombo kilichoundwa kwa ajili ya ziwa, na makaa ya mawe tani 14 tu. Sehemu kubwa ya njia walitegemea pepo na matanga. Ndani yake walikuwamo Waafrika wachache kutoka Zambezi na Shire, miongoni mwao Susi na kijana Chuma, wale wale ambao miaka tisa baadaye wangeupitisha mwili wake Tabora wakiupeleka pwani. Walifika Bombay tarehe 13 Juni, baada ya siku 45, mvua za masika ya kule zikiwa zinagonga mlango. Meli hatimaye iliuzwa kwa pauni 2,300. Fedha akaziweka katika benki ya India, na benki ikafilisika.

Lady Nyassa haikuwa ya mbao wala haikuwa ya matanga tupu, lakini sijui mauzo yanayofundisha zaidi kuhusu bei ya chombo maalumu. Kila sifa iliyoifanya iwe ghali kuundwa iliifanya iuzwe kwa bei ya chini. Ilikuwa na kina kifupi kwa ajili ya mito, na Bombay haikuwa na haja ya mito ya Nyasa. Iliundwa ivunjike vipande, na hakuna aliyetaka kuivunja. Kisha muuzaji mwenyewe alikuwa mgeni, ana haraka ya kuondoka, na bandari nzima inajua. Katika soko la vyombo hakuna siri mbaya kuliko haraka. Mtu akijua huwezi kubaki, yeye hukaa.

Stanley alipokuja mara ya pili alijifunza jambo moja kutokana na yote hayo: chombo chake hakukusudia kukiuza. Lady Alice ilikuwa mashua ya mbao za mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames, kwa vipande vitano vya kubebwa mabegani. Vipande vilipofika Zanzibar vikaonekana vizito kupita kiasi, ikabidi vipunguzwe upya. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Kipande cha mashua kilikuwa kizito zaidi na hakikukunjika kwenye vichaka, kwa hiyo kilipewa watu waliochaguliwa, wakipokezana. Mashua ile ililizunguka Ziwa Victoria mwaka 1875, mwaka uliofuata ikapita Unyamwezi mabegani, wakati Stanley alipokutana na mtemi Mirambo na kuchanjiana naye udugu, ikafika Ujiji, ikalizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51, kisha ikaufuata mto Kongo. Karibu na maporomoko ya Isangila, mwishoni mwa Julai 1877, iliachwa juu ya mawe ioze. Watu waliokuwa wakifa njaa hawangeweza kubeba mbao.

Leo mtu mwenye ubao mmoja wa Lady Alice angeuza ubao huo kwa bei inayozidi mashua nzima ya mjomba, na hapo ndipo hesabu ya Sheikh Hamed inapoacha kufanya kazi. Ubao huo hauelei, hauingizi fungu la mtu yeyote. Kinacholipwa ni kumbukumbu. Basi kuna soko la pili, na wanaouza vyombo vya zamani huumia zaidi pale wanapolichanganya na lile la kwanza.

Mfano wake mkubwa kwa Waingereza ni Gipsy Moth IV, mashua ya mbao iliyoundwa mwaka 1966 ambayo Francis Chichester aliizungusha dunia akiwa peke yake, akitua mara moja tu, Sydney. Taifa zima lilimshangilia. Mashua ikawekwa Greenwich katika gudi kavu la saruji, watu waitazame, na huko ikaharibika kwa miongo kadhaa bila kuguswa na tone la bahari. Mbao zilizoumbwa kukaa majini hukauka zikisimamishwa juu, mishono hufunguka, na mvua, ambayo ni maji matamu, huingia kwa juu na kuleta kuoza. Mwaka 2004 iliuzwa kwa pauni moja na glasi ya jini na toniki. Ukarabati ulizidi pauni 300,000. Ilirudi majini mwaka 2005, ikaanza kuizunguka dunia tena, na Aprili 2006 ikapanda mwamba wa matumbawe huko Rangiroa, ikabidi itengenezwe upya. Ilipowekwa sokoni mwaka 2010 iliombewa pauni 250,000. Kwa hiyo hata mashua yenye jina linalofahamika na kila mtoto wa shule ya Uingereza haikudai kurudishiwa gharama za kufufuliwa kwake. Jina liliongeza bei, lakini halikufuta daftari.

Karibu zaidi na sisi kuna Fatah al-Khair. Ni jahazi la aina ya ghanja lililoundwa Sur, Oman, mji ambao mabaharia wake walizijua Lamu na Zanzibar kama wanavyozijua nyumba za jamaa zao. Liliuzwa, likaishia mikononi mwa watu wa Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana, wakalifuata, wakalirudisha. Sasa limesimama nchi kavu mjini kwao. Hapa muuzaji wa Yemen alikuwa katika nafasi ambayo kila muuzaji huiota: mnunuzi wake hakuweza kununua jingine. Anayetafuta usafiri ana majahazi mia ya kuchagua. Watu wa Sur walitaka moja.

Mashua ya mjomba haina mji unaoililia. Nilimwambia hivyo kwa upole niwezao. Akanikumbusha kwamba Ujiji yenyewe ni jina kubwa, kwamba wageni huja hadi Kigoma kuiona meli ya Liemba. Ni kweli, ila Liemba inasaidia upande wangu wa hoja. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikavunjwa, ikafungwa katika makasha takriban 5,000, ikapita hapa Tabora kwa reli na kuundwa tena Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Karne nzima ya historia, na haijawahi kupata bei sokoni, kwa kuwa haijawahi kuwa na mnunuzi wa pili. Haiwezi kutoka. Ziwa halina mlango wa kupita meli.

Hili ndilo jambo ambalo watu wa pwani wakija kutoa ushauri Kigoma hulisahau. Jahazi la Nungwi au la Matondoni likikosa mnunuzi Lamu, hutweka tanga likaenda Mombasa, Tanga, Unguja, Kilwa. Soko lake ni urefu wa upepo. Mashua ya Ujiji ina nchi nne tu zinazolizunguka ziwa, na kwa kweli ina bandari chache zenye watu wenye fedha. Kuipeleka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli au barabara, na gharama ya kuibeba inaweza kumeza nusu ya bei. Pwani nako hoteli na makampuni ya utalii hununua majahazi ya zamani kwa ajili ya safari za machweo, injini ikifichwa nyuma na tanga likitwekwa kwa ajili ya picha. Ziwani mnunuzi anayewezekana ni mvuvi au msafirishaji, naye siku hizi huuliza injini kwanza. Tena atakumbuka kwamba mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapumue. Miezi mitatu bila fungu huonekana katika bei anayotoa, hata asipoitaja.

Sasa tuingie chomboni, kwa sababu hata mnunuzi aliyekubali hesabu zote atataka kushika mbao.

Mkaguzi wa kweli haanzi na tanga. Anashuka ngamani, mahali penye giza na maji machafu, na kugonga. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyooza hujibu kama mkate. Anachoma kisu kwenye mataruma pale yanapokutana na mkuku, anaangalia fashini karibu na usukani, anafuata mistari ya kutu inayoteremka kutoka kwenye vichwa vya misumari. Chuma kikishika kutu ndani ya mbao iliyolowa, hakiharibiki peke yake. Kinaichoma na mbao inayokizunguka, tundu linapanuka, ubao unaanza kutikisika. Kwa hiyo chombo kinaweza kuwa na mbao mpya kabisa na kikawa kibovu, iwapo misumari ilikuwa ya bei rahisi. Halafu anatazama kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye mishono. Ikichomoza ni kwamba mbao zimevimba na kuisukuma, jambo la kawaida. Ikivutika kwa kidole kama uzi wa shuka, aliyekalafati alikuwa na haraka.

Ziwa lina neema na laana zake. Wale funza wa baharini wanaotoboa mbao mpaka ubao ukabaki kama sega la nyuki hawaishi katika maji matamu, kwa hiyo mashua ya Ujiji haina haja ya kupakwa chokaa na shahamu chini kila mara kama ilivyo pwani. Lakini chumvi huzuia kuoza, na ziwa halina chumvi ya kutosha kwa kazi hiyo. Pwani chombo huliwa kutoka chini, ziwani huoza kutoka juu. Anayekagua mashua ya Kigoma kwa macho ya Unguja atainama mahali pasipo na tatizo.

Tofauti nyingine huwagusa wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Unguja maji hupanda na kushuka kwa takriban mita nne wakati wa bamvua. Chombo huegemezwa kwenye magogo, maji yanakupwa, na kwa saa chache mnunuzi anazunguka tumbo zima la jahazi kwa miguu yake, bila gharama. Ziwa Tanganyika halikupwi. Kuona chini ya mashua ni lazima watu waivute pwani kwa kamba na magogo, na watu hao hulipwa. Wauzaji wengi hukwepa gharama hiyo, kisha hushangaa kwa nini mnunuzi anakata bei. Anakata kwa ajili ya kile asichokiona. Kuivuta mashua nje, kuiacha siku mbili, kuirudisha majini mbele ya mnunuzi na kumwacha ahesabu ndoo za maji yatakayotekwa usiku wa kwanza, kungemrudishia mjomba fedha nyingi kuliko rangi yoyote.

Rangi ndiyo kosa lake la pili, nami nilimwambia. Alipanga kuipaka mashua yote upya, bluu na nyeupe, ndani na nje, ionekane mpya. Rangi mbichi humfanya mnunuzi mzoefu arudi nyuma hatua moja. Chini ya rangi kuna nini? Bora aache mbao za ndani wazi, mninga uonekane rangi yake ya kahawia nyekundu, mishono isomeke. Mninga wenyewe ni mti wa miombo yetu. Hauvimbi sana wala hausinyai sana ukilowa na kukauka, ndiyo maana mafundi wa vyombo wanauthamini, na mnunuzi anayejua mbao atalipia zaidi akiuona kuliko akiambiwa.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo, si kwa kuwa ni jambo dogo. Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Zanzibar kuna mamlaka yake ya usafiri baharini. Nchi hii ilizama na MV Bukoba mwaka 1996, na MV Spice Islander mwaka 2011, na MV Skagit mwaka 2012, na baada ya vifo hivyo hakuna mnunuzi wa chombo cha abiria anayekubali maneno matupu. Cheti cha usajili, cheti cha ukaguzi, hati ya mauziano yenye mashahidi: hivyo vitatu vikikosekana, kinachouzwa ni mbao. Na liko deni moja ambalo watu wa bara huwa hawalitegemei. Katika sheria za bahari, mishahara ya mabaharia isiyolipwa hukifuata chombo, hata kikibadilisha mwenyewe. Mnunuzi anaweza kuamka asubuhi akakuta jahazi lake limezuiwa kwa deni la mtu ambaye hajawahi kumwona. Muuzaji mwenye stakabadhi za malipo ya mabaharia wake ana kitu cha kuuza ambacho jirani yake hana.

Nimebakiza fundi. Katika desturi ya kwetu jahazi haliundwi kwa michoro. Fundi huliona kichwani, hupima kwa kamba na kwa jicho. Maana yake ni kwamba maelezo ya chombo hayako katika karatasi yoyote, yako kwa mtu. Ulaya mnunuzi wa mashua ya mwaka 1930 anaweza kuagiza nakala ya michoro ya msanifu wake na kumpa fundi mwingine kazi. Anayenunua mashua ya Ujiji asipomjua aliyeitengeneza atakuwa kila mara anabahatisha: ubao huu ulibadilishwa au ni ule wa kwanza, msumari huu umepita hadi wapi, kwa nini taruma hili limekatwa hivi. Kumtambulisha mnunuzi kwa fundi, na fundi akakubali kuitazama mashua mara mbili kwa mwaka kwa malipo yanayojulikana, ni sehemu ya mali inayouzwa. Sijaona tangazo la kuuza chombo huku kwetu lililomtaja fundi. Wanataja urefu, wanataja injini, wanaandika “bei maelewano” na namba ya simu.

Yote haya nilimweleza mjomba chini ya mwembe wake pale Lusu, nikimkatiza na yeye akinikatiza. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye daftari. Nikamwomba anionyeshe tena. Kushoto: ubao wa tatu kutoka mkukuni, upande wa kulia wa chombo, umetolewa, umewekwa mninga, misumari 40 imebadilishwa, kalafati mpya kutoka omoni hadi katikati, foromali imekatwa upya, jarari mbili. Kila kazi ina tarehe na jina la aliyeifanya. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka mitatu, bila kuruka mwezi. Sijawahi kuona chombo cha mbao chenye kumbukumbu nzuri kuliko hizo, na yeye alikuwa akizitazama kama maelezo tu ya zile namba za kulia.

“Mjomba, mnunuzi atalipia upande huu,” nikamwambia, nikifunika namba kwa kiganja.

Alinyamaza. Akauinua mkono wangu, akaisoma jumla yake mara moja zaidi, akaurudisha mkono mahali pake.

“Zile zangu nimemlipa nani, basi?”

“Fundi. Na miaka mitatu ya kuamka na kwenda ziwani.”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepunjwa kwenye mizani na anajua mizani ni sahihi. Kisha akamwita mjukuu wake wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri, akampa daftari jipya na kalamu, akamwambia anakili kurasa zote, upande wa kushoto peke yake, bila kuacha tarehe hata moja. Kila jina la fundi aliweke mwanzo wa mstari.